Bakteria Sugu Tumboni mwa Watoto Wenye Afya: Kwale Ianzie Wapi?

Tunapozungumzia usugu wa dawa hapa pwani ya kusini, lawama humwendea mgonjwa na aliyemtibu: nani alikatiza dozi, nani alinunua kapsuli mbili kwenye kemisti, nani aliandikiwa antibiotiki bila kupimwa. Maswali hayo ni ya haki, lakini yanamsahau mtoto asiyeumwa. Mtoto mchanga anayenyonya vizuri na kuongeza uzito anaweza kubeba utumboni E. coli au Klebsiella zenye jeni za usugu, asiwe na homa wala kuhara. Mada hii inashikilia kwamba usugu wa mtoto huyo ni mali ya kaya, kisima na mtaa kabla haujawa wake. Kwa hiyo kampeni ya kuwahimiza watu wamalize dozi haitoshi. Maji, vyoo, maziwa ya mama na chanjo vinastahili kuhesabiwa kuwa silaha dhidi ya usugu, na kutengewa fedha kwa jina hilo.

Ushahidi wa kwanza ni njia ambazo bakteria hizi hupitia. Mtoto hupokea bakteria zake za mwanzo kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa, kisha kutoka kwa mikono inayomlea, na anapoanza kutambaa huziokota sakafuni ambako kuku nao hupita. Jeni za usugu mara nyingi hukaa kwenye plasmidi, vipande vya DNA ambavyo bakteria moja huweza kumpa jirani yake, hata wa aina nyingine. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuata wasafiri wapatao 2,000. Miongoni mwa waliotoka kwao bila bakteria zinazotengeneza vimeng'enya vya ESBL, ambavyo huvunja dawa kama seftriaksoni, zaidi ya thuluthi moja walirudi nazo, na wengine wakawaambukiza watu wa nyumbani. Ikiwa mtu mzima huzipata katika safari fupi, mtoto anayekulia mahali zilipo huzipata kwa urahisi zaidi. Ukanda wa Diani umekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye vitundu vingi, na choo cha shimo kikichimbwa karibu na kisima, kinyesi hakina safari ndefu kufika majini. Mtoto hahitaji kumeza antibiotiki hata moja ili awe mbebaji.

Ushahidi wa pili umetoka hapa hapa Kwale. Watafiti wa Uswisi na wenzao wa Kenya waliwapa watoto wa pwani ya kusini uji uliotiwa unga wa virutubisho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba unga wenye madini ya chuma uliongeza bakteria wa jamii ya E. coli na kupunguza bifidobakteria, ambazo hulishwa na sukari maalumu za maziwa ya mama. Mwaka 2017 wakaonyesha kwamba kuongeza nyuzilishe aina ya GOS kwenye unga huo kulipunguza madhara hayo. Mwaka 2019 wakaripoti kwamba watoto waliopewa antibiotiki huku wakitumia unga wenye chuma walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuhara baada ya dawa. Hii ina maana kwamba lishe, dawa na bakteria za utumbo haziwezi kupangwa na idara tatu zisizozungumza.

Wapo watakaouliza: mtoto akiwa na afya, wasiwasi ni wa nini? Wasiwasi ni kwamba utumbo ni ghala. Siku mtoto atakapodhoofishwa na utapiamlo, au bakteria zikipenya hadi kwenye damu, zile zile alizozibeba kwa amani ndizo zitakazomshambulia, na dawa ya kwanza hospitalini Msambweni huenda isifue dafu. Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2022 yalisema usugu ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na takriban kimoja kati ya kila vitano kilikuwa cha mtoto wa chini ya miaka mitano.

Pingamizi zito zaidi linasema antibiotiki huokoa watoto, na kuzibana ni kuwaua. Utafiti wa MORDOR katika Niger, Malawi na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2018, uliona vifo vya watoto vikipungua kwa takriban asilimia 14 walipopewa azithromaisini mara mbili kwa mwaka. Nalikubali tokeo hilo. Hata hivyo, faida kubwa ilikuwa Niger, na usugu uliongezeka katika vijiji vilivyopewa dawa. Karibu nasi, katika hospitali za Kilifi, Mombasa, Malindi na Nairobi, watoto 1,778 wenye utapiamlo mkali walifuatiliwa. Kotrimoksazoli ya kila siku haikupunguza vifo. Dawa apewe anayeihitaji, kwa kipimo na kwa muda wake. Isifanywe mbadala wa maji safi. Vivyo hivyo, madini ya chuma hayafai kuondolewa, kwani upungufu wa damu ni tatizo kubwa kwetu. Yatolewe kwa kipimo kidogo, pamoja na kinachozilinda bifidobakteria.

Mapendekezo yangu ni manne. Mtoto anayehara bila damu apewe ORS na zinki, na chupa ya unga wa amoksilini iliyobaki isiwekwe kabatini ikimsubiri mdogo wake. Pampu za mkono, ambazo Kwale ilikuwa uwanja wake wa majaribio tangu miaka ya 1980, zitengenezwe haraka zinapoharibika, na vyoo vichimbwe mbali na visima. Chanjo ya virusi vya rota, iliyoanza kutolewa nchini Julai 2014, imfikie kila mtoto, kwa sababu ugonjwa usiotokea hauombi dawa. Mwisho, kaunti ianze kupima mara kwa mara sampuli za watoto wenye afya, si za waliolazwa peke yao. Nawaomba wenzangu tusitoke hapa kabla ya kukubaliana ni idara gani itaanza, na kwa bajeti ya mwaka gani.