Kuchora Vibonzo: Mazoezi ya Mkono na Jicho

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kazi ya kuchora vibonzo, yaani zile picha za kuchekesha zipigwazo chapa magazetini. Watu wengi hudhani kwamba kazi hii ni kipawa tu, na ya kuwa asiyezaliwa nacho hana haja ya kushika kalamu. Sisi hatuafiki. Mkono hufundishika, na jicho nalo hufundishika. Na njia zake ni tatu: kuiga, kutazama, na kurudia kila siku.

Tuanze na kuiga. Si aibu kwa mwanafunzi kuiga kazi ya fundi. Mchukue Juha Kalulu, ambaye Bwana Edward Gitau wa Kenya alianza kumchora katika miaka ya 1950, au Chakubanga, aliyechorwa na Bwana Christian Gregory katika gazeti la Uhuru la Tanzania. Usiweke karatasi juu ya picha ukafuata mistari yake, maana hapo mkono hutembea na akili hulala. Itazame picha kwa makini, uifunike, uichore kwa kumbukumbu, kisha uifunue na kulinganisha. Jiulize: urefu wa mwili ni sawa na vichwa vingapi? Mtu mzima wa kweli hupata vichwa saba au vinane. Mtu wa kibonzo mara nyingi ana vitatu au vinne tu, na kwa sababu hiyo uso wake huonekana upesi. Makosa utakayoyagundua ndiyo somo lako la kesho.

Lakini aigaye siku zote hana neno lake mwenyewe la kusema. Bwana Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kwa jina la Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akaanza kuchora katika gazeti la Nation mjini Nairobi mwaka 1992. Wakubwa hutambulikana mara moja katika picha zake, kwa kuwa huchagua jambo moja la uso akalikuza, na mengine akayapunguza. Jambo hilo halipatikani kwa kuiga. Hupatikana kwa kutazama.

Na mtu wa Sirari ana mengi ya kutazama. Hapo mpakani mwa Tanzania na Kenya pana malori yangojayo zamu, wachukuzi wa magunia ya mahindi, vijana wa bodaboda wagombeao abiria, na wazee wa Kikurya wapatanao bei ya ng'ombe. Mtazame mchukuzi: gunia likiwa zito, mgongo huinama, shingo hufupika, na magoti hukunjika. Chora kwanza mstari mmoja tu wa mgongo wake. Mstari huo ukiwa sawa, mzigo utaonekana mzito hata kabla hujauchora.

Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini kalamu yataka adabu. Usichore walinzi wala majengo ya forodha bila ruhusa, wala usimcheke mtu kwa kilema chake. Kibonzo chema hucheka tabia: ulafi, majivuno, udanganyifu wa mizani. Mchuuzi apunjaye wateja huweza kuyapuuza maonyo kumi. Lakini akijiona katika picha, na majirani wakacheka, pengine kesho atapima sawasawa. Kwa hiyo picha isiyofanana na mtu wala jambo lolote la kwenu haiwezi kumfaa jirani yako.

Njia ya tatu ni kurudia. Tenga robo saa kila siku. Penseli na daftari vyatosha. Vikikosekana, tumia kijiti na mchanga. Ukichora daftarini, andika tarehe chini ya kila picha, wala usiitupe iliyoharibika. Baada ya miezi mitatu, weka ya kwanza kando ya ya mwisho, nawe utaona umefika wapi. Kisha mwonyeshe jirani picha yako bila kumweleza neno. Akimtambua mtu na jambo alifanyalo, umefaulu. Akikuuliza maana yake, usikasirike. Rudi sokoni ukatazame tena.

Haba na haba hujaza kibaba.