Bandari Ni Yetu, Mkataba Ni wa Nani? Mazungumzo ya Barazani, Kibokoni



Vijana wenzangu, na wazee wetu mlioketi hapo nyuma, shukran kwa kuja baada ya Isha. Leo sikuja kuwapandisha hasira. Nataka tuhesabu miaka, maana asiyejua historia yake hudanganywa na kila apitaye.

Tuanze 1977. Siad Barre wa Somalia alikuwa rafiki wa Wasovieti, na Ethiopia kwa miaka mingi ilikuwa ya Marekani. Vita vya Ogaden vikaja, marafiki wakabadilishana. Mwaka 1979 Shah akaanguka Iran, na Desemba Wasovieti wakaingia Afghanistan. Januari 1980 Rais Carter akatangaza kwamba Marekani itailinda Ghuba hata kwa jeshi.

Sasa mtauliza, Ghuba na Mombasa wapi na wapi? Manowari zataka bandari, jamani! Mwaka huohuo Oman, Kenya na Somalia zikakubali jeshi la Marekani litumie bandari na viwanja vyao vya ndege. Kilindini ikawemo. Wazee hapa wanawakumbuka wale mabaharia mitaani. Lakini nani aliyewauliza wazee hao?

Barre akapewa silaha. Mwaka 1988 ndege zake zikaupiga mabomu mji wake mwenyewe, Hargeisa. Alipoanguka 1991, nchi ikavunjika, na wakimbizi wa Mogadishu na Barawa wakateremka hapa kwetu. Marekani ikaingia Desemba 1992 kulinda chakula cha msaada. Oktoba 1993 ikapoteza askari 18 Mogadishu, na Wasomali mamia wakafa. Machi 1994 ikaondoka.

Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani Nairobi ukalipuliwa. Waliokufa ni zaidi ya 200, wengi wao Wakenya waliokwenda kutafuta riziki. Nasema waziwazi: aliyefanya vile hakututetea sisi. Alituua, kisha akatuachia lawama.

Mwaka 2006 Marekani iliwapa pesa wababe wa vita wapigane na Mahakama za Kiislamu. Wakashindwa. Desemba jeshi la Ethiopia likaingia, Marekani nyuma yake. Waliokimbilia Kenya wakakamatwa, na mapema 2007 ndege zikabeba watu makumi kutoka Nairobi hadi Somalia, kisha Ethiopia, bila kupelekwa kortini. Wakenya walikuwemo. Mkenya mmoja alikamatwa hapahapa Mombasa Februari 2007, akafikishwa Guantanamo. Amerudi Desemba 2024. Karibu miaka 18, na hakushtakiwa.

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Sawa, lakini nyasi hazina midomo. Sisi tunayo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 49, yasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na saa hizo zikiisha kukiwa si wakati wa korti, basi siku ya korti inayofuata. Ihifadhini kichwani. Ndugu akichukuliwa, andikeni saa, kituo na nambari ya gari, mtafuteni wakili usiku uleule. Mbunge akija kuomba kura, muulizeni: mikataba ya kijeshi na mataifa ya nje umeisoma? Ulisema nini bungeni?

Na akija mtu kukunong'oneza kwamba dawa ya dhulma hii ni bunduki, mkumbushe Agosti 7. Kisha ondoka.

Wabillahi tawfiq.