Nairobi Ilianzia Mashambani



Historia ya Nairobi tumezoea kuianzia tarehe 30 Mei 1899, siku reli ilipofika kwenye tambarare yenye maji, maili 327 kutoka Mombasa. Jioni hii naomba tuianzie magharibi, Dagoretti na Kabete, na tuanze na chakula.

Misafara ya Uganda ilikuwa na wapagazi mamia, na mpagazi hatembei na njaa. Ukishateremka Bonde la Ufa umeingia nchi ya wafugaji wa Kimaasai, na nafaka ya kununua huipati kwa siku nyingi. Hivyo ukingo wa msitu wa Wakikuyu ndio uliokuwa mahali pa mwisho pa kujaza magunia. Wanawake waliteremka na maharagwe, viazi vitamu na mahindi mgongoni, kamba ya ngozi ikipita kwenye paji la uso, wakarudi na shanga, nyaya na merikani. Wanahistoria wengi huipitia biashara hii haraka, wakakimbilia reli. Mimi naamini mji huu umesimama juu yake.

Oktoba 1890 Kapteni Frederick Lugard, akiwa mtumishi wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alikula kiapo cha urafiki na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu, akajenga ngome Dagoretti, kisha akashika njia ya Uganda. Waliobaki nyuma walianza kujichukulia mazao bila malipo. Kiapo kikafa. Ngome ikahamwa, ikachomwa moto. Mwaka 1891 Meja Eric Smith akajenga nyingine Kabete, Fort Smith, na humo ndimo Waiyaki alimokamatwa Agosti 1892. Alipelekwa pwani akiwa mfungwa, akafia njiani, Kibwezi.

Kisha ikaja miaka ya mwisho ya karne: ukame, nzige, sotoka, ndui. Sehemu ya akiba ilikuwa imeshauzwa kwa misafara na kambi za reli. Wengi walifariki, wengine wengi walirudi kwa jamaa zao Murang'a kungoja mvua. Mashamba yao yakaota magugu. Ikatungwa Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902, na walowezi wakagawiwa mashamba yale kana kwamba hayajawahi kuwa na mwenyewe. Huu ni wizi uliofanywa wenye mali wakiwa msibani, nasi tuuseme hivyo darasani.

Ya katikati ya jiji mnayajua: afisa wa kikoloni John Ainsworth kuhamisha ofisi yake kutoka Machakos, soko la Wahindi kuteketezwa kwa sababu ya tauni mwaka 1902, makao ya serikali kuhamia hapa mwaka 1905. Yote hayo yana vitabu.

Kinachohitaji kazi ni upande ule mwingine. Leo matatu zinapita Waiyaki Way kutoka Westlands hadi Kangemi na Uthiru, zimejaa wanafunzi wetu. Kandokando ya barabara hiyo bado wapo wazee wa mbari wanaoweza kukuonyesha mgongo upi ulikuwa wa nani, na mpaka ulipita kwenye mti gani. Ombi langu kwa idara yetu ni kwamba kila mwanafunzi wa historia wa mwaka wa pili akae nao muhula mmoja, awarekodi, na kazi hiyo ihesabiwe kwenye alama zake.