Uzima wa Kudhaniwa na Uzima wa Kupimwa



Nimesimama mbele yenu kwa taadhima kutetea jambo ambalo watu wazima wengi hulidharau: kwamba mtu aliyeishi miaka mingi bila kutoa jasho, ajionaye mzima kwa kuwa haumwi, hana budi kuuchunguza mwili wake kabla ya kuutwika mbio, mpira au baiskeli, na kwamba uchunguzi huo uanze na habari zake mwenyewe na za nasaba yake, mashine zije baadaye.

Ushahidi wa kwanza nautoa Marekani. James Fixx alianza kukimbia alipokuwa na miaka 35, naye wakati huo mtu mnene na mvutaji mkubwa wa sigara. Akaziacha sigara, akapungua mwili, na mwaka 1977 akatoa kitabu juu ya mbio kilichouzwa zaidi ya nakala milioni moja na kuwatia wengi hamu ya kukimbia. Tarehe 20 Julai 1984, akiwa na miaka 52, alianguka akafa njiani katika jimbo la Vermont, akikimbia kama ilivyokuwa ada yake, na matabibu walipoupasua mwili wakakuta mishipa inayoulisha moyo damu imezibwa na mafuta. Wapo waliosema kuwa mbio ndizo zilizomwua, lakini hukumu hiyo si ya haki, kwa maana baba yake alifariki kwa maradhi ya moyo akiwa na miaka 43, na huenda mazoezi ndiyo yaliyomzidishia mwana ile miaka 9 aliyompita babaye. Wepesi wa miguu haukuwa dhamana ya usalama wa moyo, na mauti ya baba yalikuwa onyo lililotangulia kwa miaka mingi.

Ushahidi wa pili watoka Italia, ambako tangu mwaka 1982 kila mwanamichezo wa mashindano hulazimika kupata cheti cha tabibu, baada ya kuulizwa habari zake, kukaguliwa mwili na kupimwa umeme wa moyo. Wataalamu waliofuatilia jimbo la Veneto waliona kwamba vifo vya ghafla vya moyo miongoni mwa wanamichezo wa miaka 12 hadi 35, vilivyokuwa 3.6 kwa mwaka katika kila watu 100,000 mnamo 1979 na 1980, vilishuka hadi 0.4 mnamo 2003 na 2004. Walakini insafu yanidai niseme pia kwamba Israel nayo ililazimisha vipimo mwaka 1997, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 haukuona vifo vimepungua, hata wanavyuoni wangali wakibishana.

Mabishano hayo yahusu vijana zaidi, ambao moyo wao, ukisimama uwanjani, aghalabu husimama kwa ila waliyozaliwa nayo, kama ule unene wa misuli ya moyo uliomwua Marc-Vivien Foé wa Kameruni, mwenye miaka 28, mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003. Aliyevuka miaka 35 ana adui mwingine, naye ni mishipa ya moyo inayozibika kidogo kidogo kwa miaka. Na kipimo cha umeme wa moyo kinachochukuliwa mtu akiwa amelala kitandani chaweza kuonyesha salama hali mshipa umekwisha kuwa mwembamba. Mtu mzima, basi, asiifanye karatasi moja ya mashine kuwa hirizi.

Maswali ndiyo yaliyo bora kwake kwanza. Huko Kanada, tangu miaka ya 1970, waliandaa maswali 7 ambayo mtu aweza kujiuliza mwenyewe: kama tabibu amewahi kumwambia ana maradhi ya moyo, kama kifua humuuma akijitahidi, kama humuuma hata akitulia, kama huzirai au kupata kizunguzungu, kama ana ila ya mifupa au viungo, kama anatumia dawa za presha au za moyo, na kama iko sababu nyingine ya kumzuia. Mimi naongeza la nane: ni nani katika ukoo wake aliyekufa ghafla kabla ya uzee? Aliye salama katika yote hayo, akitaka kutembea kwa haraka, na aende zake, kwani kukaa kitako kuna madhara makubwa kuliko kutembea. Lakini aliye na jibu moja la kutia shaka, au akusudiaye kutoka kitini moja kwa moja hadi kilomita 42 za mbio za Kilimanjaro, na amwendee tabibu apimwe presha, sukari na lehemu, na ikibidi apimwe moyo akiwa anakimbia.

Hapa ndipo desturi yetu inapotudhuru. Mtu akifa ghafla husemwa siku zake zimefika, na matanga yakiisha hakuna aulizaye tena kama marehemu alilalamika kifua au alikuwa na presha. Kuiridhia kadari ya Mungu ni wajibu, lakini hakukutuharimishia kuuliza, na wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Habari hizo ni urithi wa watoto wa marehemu, na anayewaficha amewadhulumu.

Nawasihi, basi, kabla hamjanunua viatu vya mbio, kaeni na wazee wenu mwaulize baba, mama, ami na shangazi zenu walikufa kwa maradhi gani na wakiwa na umri gani. Yaandikeni mtakayoambiwa, mmpelekee tabibu, kisha mkimbie.