Mpe Dereva wa Guta Geji ya Joto

Msikilizaji, leo naongea na watu wa guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma, ambayo wengine huiita toyo. Naongea na dereva, na tajiri mwenye chombo, na fundi, na muuzaji. Hoja yangu ni moja: guta linalopozwa kwa maji lisiingie barabarani bila geji ya joto mbele ya macho ya dereva.

Bodaboda nyingi tunazopanda hupozwa kwa upepo tu. Silinda yake ina mapezi, na mwendo wenyewe ndio unaoipuliza. Guta la mizigo ni habari nyingine. Mengi yana rejeta, pampu ya maji na feni, kwa sababu kazi yake ni nzito na mwendo wake ni wa polepole.

Injini ya petroli hugeuza robo tu, au ikizidi sana theluthi, ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Sehemu kubwa iliyobaki ni joto. Jingine hutoka na moshi kwenye ekzosi, jingine lazima maji yalibebe hadi kwenye rejeta. Sasa pakia mifuko 20 ya saruji, kila mmoja kilo 50. Hiyo ni tani nzima. Ipandishe kilima cha Mbeya au Mwanza kwa gia ya kwanza, saa saba mchana. Injini inatoa nguvu zake zote, chombo kinatambaa, upepo haupiti kwenye rejeta, na feni imebaki kupambana peke yake. Hapo ndipo maji yanapochemka.

Na dereva anajuaje? Kwenye maguta mengi hajui. Labda ipo taa nyekundu, na taa ina neno moja tu: mpaka umeshavukwa. Geji inasimulia safari yote ya joto. Injini nyingi za maji zikishapata moto hutulia kati ya digrii 80 na 95. Dereva akiona 95 imekuwa 100, na 100 inaelekea 105, bado ana la kufanya. Atapunguza moto, ataegesha kivulini, ataangalia kama feni inazunguka, au ataamua mzigo uliobaki uende kwa safari ya pili. Uamuzi huo ni wake, lakini hawezi kuufanya bila taarifa.

Asipoufanya, tunajua kinachofuata. Silinda hedi ni ya aluminiamu, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Joto likizidi, hedi inapinda na gasketi yake inaungua. Maji yanaingia kwenye oili, na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Pistoni inakwaruza silinda, mwisho injini inanoki. Chombo kinalala gereji, na hesabu ya tajiri haiingii. Kama ni chombo cha mkataba, dereva aliyekuwa amebakiza malipo machache kiwe chake anaanza kudaiwa upya. Injini ya guta ni ada ya shule na ni kodi ya nyumba. Ndiyo maana nalisema jambo hili kwa msisitizo.

Wengi wetu tunatumia maji matupu badala ya kulanti. Dar es Salaam, usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 100. Mbeya, juu ya mita 1,600, huchemka karibu na 94. Kifuniko kizima cha rejeta, kinachoshikilia presha ya bar 1 hivi, huyafikisha maji hadi karibu digrii 120 kabla hayajachemka. Kifuniko kikilegea, akiba hiyo yote imepotea. Kifuniko hicho hicho usikifungue injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa huruka yakiwa mvuke, na huunguza uso na mikono.

Mafundi wangu, nanyi nina neno kwenu. Chombo kikichemsha, wengi hukimbilia kung'oa thamostati na kuitupa. Mara nyingi kasoro haiko hapo. Rejeta imeziba kwa matope, feni imekufa, au pampu inavuja. Ukiing'oa thamostati iliyo nzima, injini inafanya kazi ikiwa ya baridi, inakula mafuta na inasagika mapema, na kasoro ya kweli inabaki pale pale. Ukiwa na geji unaona joto linapanda lini, kwenye mwendo gani, na linashuka kwa kasi gani. Unatibu ugonjwa unaoujua.

Kuifunga geji si kazi ya kutisha. Tafuta mpira wa juu, ule unaotoa maji ya moto kwenye injini kuyapeleka kwenye rejeta. Ukichagua mpira wa chini utapima maji yaliyokwisha kupoa. Injini ikiwa baridi, kata mpira, weka kiungio cha aluminiamu chenye tundu la sensa, na ubane kila upande kwa klempu. Pima kwanza kipenyo cha ndani cha mpira, maana kiungio kisichotosha kitavuja. Kama sensa ni ya waya mmoja, peleka waya mwingine kutoka kwenye kiungio hadi kwenye chasisi, kwa sababu mpira haupitishi umeme. Umeme wa geji uchukue baada ya swichi, na usisahau fyuzi. Kisha jaza maji na utoe hewa yote.

Sensa na geji yake vinunuliwe pamoja, kwani sensa ya geji nyingine inaweza kutoa namba za uongo. Kabla ya kuifunga, ijaribu: iunganishe na geji, tumbukiza ncha yake kwenye sufuria ya maji yanayotokota. Dar isome karibu 100, Mbeya karibu 94. Ikisoma 80, irudishe dukani.

Na dereva, shika jambo hili kuliko yote niliyosema. Sensa hupima kilichoigusa. Maji yakivuja yakaisha, inabaki hewani, na geji inaweza kushuka wakati injini inaungua. Sindano ikianguka ghafla katikati ya mlima, usifurahi. Simama, zima, ngoja injini ipoe kabisa, ndipo uangalie maji. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, kagua rejeta. Geji haiondoi ukaguzi huo.

Miaka ya 1910 huko Marekani, magari mengi yaliuzwa bila kipimo cha joto. Watu wakawa wananunua wenyewe kipimajoto kiitwacho Boyce MotoMeter na kukifunga juu ya kifuniko cha rejeta. Baadaye kipimo kikahamia kwenye dashibodi, kikawa sehemu ya gari. Wanunuzi ndio waliotangulia, viwanda vikafuata.

Nasi tunaweza kutangulia. Tajiri, unapomkabidhi kijana chombo chako, mkabidhi na geji. Bei yake ni ndogo ukiilinganisha na kazi ya kufungua injini mara moja. Muuzaji, ifunge geji kabisa kabla guta halijatoka dukani, umweleze mnunuzi maana ya namba anazoziona. Na wewe mnunuzi, kabla ya kulipa, uliza: geji ya joto iko wapi? Tukiuliza wengi, na tukaendelea kuuliza, watakaotuuzia watalazimika kuwa na jibu.