Fomu Iliyolowa

Mheshimiwa mwenyekiti, wahadhiri, wazazi, na nyinyi wahitimu wa kozi hii ya kusoma jenomu mnaotokwa na jasho ndani ya majoho: mshereheshaji kanipa dakika tatu, na macho yake nayaona.

Hapa Pwani wapo wanaosoma miswada ya kale ya tenzi. Mnakili mmoja akiruka herufi, wote walionakili kwake huiruka vilevile. Ukilinganisha makosa, utajua nakala ipi imetoka kwa ipi. Kirusi nacho hukosea kinapojinakili. Cha mpox kina herufi zipatazo 197,000 katika jenomu yake, na kompyuta hulinganisha mamia ya sampuli kabla mimi sijamaliza ubeti mmoja.

Chukueni Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu huko Kivu Kusini. Mwishoni mwa 2023 wagonjwa wa mpox walianza kuongezeka, wengi wakiwa watu wazima. Kipimo kimoja kilichotumika kutambua aina ya kirusi kikapigwa chenga, kwa kuwa kipande cha jenomu kilichokuwa kikitafutwa kilikuwa kimenyofoka. Wanasayansi waliposoma jenomu nzima, mambo yakawa wazi. Tena wakakuta herufi C nyingi zimegeuka T, alama inayoachwa na kinga ya mwili wa binadamu inapopambana na kirusi. Basi lawama isingeweza kubaki kwa wanyama wa msituni peke yao. Ugonjwa ulikuwa ukipita mtu kwa mtu. Mwisho wa Julai 2024 ulikuwa umeshafika Burundi, Rwanda na Uganda, nasi Kenya tukaukuta Taveta, mpakani.

Nami nina kosa langu. Nilipokuwa kijana wa maabara, katika zahanati nisiyoitaja, nilipakia sampuli za kipindupindu kwenye kisanduku cha barafu. Barafu ikayeyuka njiani, wino wa fomu ukachuruzika. Jina la kijiji likabaki nusu, tarehe ikafutika kabisa. Nikapigiwa simu kutoka maabara kuu, kwa upole ulioniuma kuliko matusi: “Kijana, hii tuiweke wapi?” Sikuwa na jibu. Hata leo, pamoja na mashine zenu hizi za kusoma jenomu zinazotosha mfukoni, swali hilo linajibiwa na muuguzi aliyejaza fomu, wala si kompyuta.

Kwa hiyo zawadi yangu ni ndogo, na mweka hazina asihangaike: penseli moja kwa kila mhitimu. Maandishi yake hayachuruziki. Natamka kwamba kozi hii imefungwa rasmi.