Waliotoroka Keko na mpaka uliowarudisha



Juzi tulijazana kibanda umiza hapa Tandika kuangalia The Great Escape, filamu ya 1963 ya wafungwa wa vita wanaochimba handaki watoroke kambi ya Wajerumani. Ile pikipiki mliishangilia kweli! Ila tukio lenyewe, Machi 1944, lilikuwa chungu. Walitoka 76, wakaponea 3 tu. Waliokamatwa, 50 walipigwa risasi, wakati Mkataba wa Geneva wa 1929 ulisema adhabu ya kutoroka ni ya kinidhamu tu.

Sasa jamani, na sisi tuna ya kwetu, tena hapahapa Temeke. Juni 1983, Hatty McGhee na Pius Lugangira, walioshikiliwa kwa njama ya kuipindua serikali ya Mwalimu, walitoroka gereza la Keko wakaingia Kenya. Kwa hesabu ya filamu, hapo wameshapona. Lakini huku kwetu walikuwepo Hezekiah Ochuka na Pancras Okumu, waliokimbia jaribio la mapinduzi la Nairobi la Agosti 1982. Novemba 1983 serikali mbili zikabadilishana watu, na mwezi huohuo mpaka uliofungwa tangu 1977 ukafunguliwa. Ochuka alinyongwa 1987. Wa kwetu walihukumiwa maisha 1985, wakasamehewa 1995.

Siwatetei. Serikali inaondolewa kwa kura, basi. Ninachouliza kama mwanafunzi wa sheria ni hiki: mtu akivushwa mpaka, anayeamua ni hakimu au ni wakubwa wakiwa mezani? Mwaka 1983 Katiba yetu haikuwa hata na sura ya haki za binadamu, iliingizwa 1984. Leo Ibara ya 15 inataka mtu asikamatwe wala kuhamishwa kwa nguvu ila kwa utaratibu wa sheria. Maneno yapo. Hata hivyo mama yangu, kila nikitoka kikaoni, hupiga simu: "Umefika?" Halali mpaka nijibu.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Namba ya wakili wa tawi ikariri kichwani, maana simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Na mwenzetu akikamatwa, tusiishie kuposti picha yake. Twende tuulize: yuko kituo gani, kosa gani, mahakamani lini?